Mpiga Manyanga

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Aprili mwaka 2014, nilikuwa Kilwa Kivinje nyumbani kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa amebaki peke yake katika wazee wetu wa upande huo. Nilikuwa nimekwenda kwa kazi. Kwa muda wa juma moja nilikuwa nikiwazungukia wazee wa Kivinje na Masoko, nikinasa mashairi na tenzi walizozihifadhi kwa moyo, na katika mkoba wangu mlikuwa na daftari mbili, kalamu, na chombo kidogo cha kurekodia sauti. Namwomba msomaji aukumbuke mkoba huo, maana nitaurudia.

Tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya magharibi. Maji yalikuwa yamekupwa, na kila aliyepata kufika Kivinje anajua kuwa maji yakikupwa pale, bahari huenda mbali hata mgeni hudhani kuwa imeuhama mji. Redio ya mjomba ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, nayo ikatoa habari kuwa Muhidini Maalim Gurumo amefariki dunia Dar es Salaam. Mjomba alisema maneno asemayo Mwislamu apokeapo habari ya msiba, kisha akanyamaza. Baada ya habari ukapigwa wimbo mmoja wa marehemu, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu utoto wangu. Mzee yule wa miaka sabini na miwili alinyoosha mkono, akachukua kopo lililokuwa na kunde kavu za mbegu, akafunika mdomo wake kwa kiganja, akaanza kulitikisa. Hakulitikisa kwa nguvu. Alilitikisa kwa namna ambayo kunde zilifika upande wa pili wa kopo sawasawa na pigo la ngoma, wala si kabla wala si baada.

Mke wake, aliyekuwa ndani akiwasha taa, akauliza, "Leo umeyakumbuka?" Mjomba hakumjibu. Wimbo ulipokwisha aliliweka kopo chini akaanza kusema nami, na kwa muda wa karibu saa nzima alinitajia watu. Alinitajia aliyepiga besi katika bendi ile na aliyepokea nafasi yake alipougua. Alinitajia mpiga tumba mmoja aliyekuwa mwana wa Kilwa Kisiwani, na mwingine wa Mchinga aliyekuwa akishona nguo mchana na kupiga gitaa la rithimu usiku. Alimtaja kijana aliyebeba vyombo na kuvilinda, ambaye kila mtu alimcheka, lakini siku alipokosekana dansi halikupigwa. Kila jina alilipa ukoo wake na kijiji chake. Mwisho akasema, "Watamtaja Muhidini peke yake, nayo ni haki yake. Lakini mwimbaji hasimami hewani, mpwa wangu."

Nilimsikiliza kwa adabu. Mkoba wangu ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuufungua. Kesho yake nilikuwa na miadi na mzee mmoja aliyehifadhi utenzi, nami nilikuwa naihifadhi betri ya chombo changu kwa ajili yake. Nilimwambia mjomba kuwa mazungumzo yake ni mazuri sana, na kwamba nitakuja mwezi wa Desemba tukae kitako, tuyaandike yote tangu mwanzo. Alikubali. Hakuwa mtu wa kumhimiza mwenziwe.

Mjomba aliondoka Kivinje mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Safari ya Dar es Salaam wakati ule ilikuwa ya lori, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Daraja lililokuja kupewa jina la Rais Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na mvua zikiwa nyingi msafiri aliweza kulala ukingoni hata siku tatu. Alipata kazi ya upakizi bandarini. Usiku alikwenda penye muziki. Yeye mwenyewe husema, au niseme alikuwa akisema, kuwa kwa misimu miwili alipiga manyanga pamoja na Kilwa Jazz, akipokezana na mwenziwe. Sina karatasi yoyote ya kuthibitisha neno hilo, wala hakupata kudai kuwa alikuwa mtu mkubwa katika bendi. Mwaka 1968 baba yake alifariki, akarudi Kivinje kuwatazama ndugu zake wadogo, naye hakuondoka tena.

Bendi hiyo yafaa nieleze habari zake kidogo, maana vijana ninaowafundisha hudhani kuwa jina lake lilitokana na Barabara ya Kilwa iliyopo Dar es Salaam. Katika miaka ile vijana wa kila pembe ya Tanganyika waliingia mji mkuu kutafuta kazi, na kila kundi lilikwenda na kwao moyoni. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Wana wa Magharibi wakawa na Western Jazz, iliyokuja kupata sifa kwa mtindo wake wa Saboso. Warufiji wakawa na Rufiji Jazz. Na jina la Kilwa likachukuliwa na bendi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Ahmed Kipande. Gurumo mwenyewe, ambaye alikuwa mwana wa Masaki ya Kisarawe wala si wa kusini, alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kuingia NUTA Jazz mwaka 1964, na kabla ya kuwa nguzo ya Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978. Kwa hiyo mjomba aliposikia habari ya kifo kile hakuwa amesikia kifo cha mtu maarufu tu. Alikuwa amesikia kifo cha mtu aliyesimama naye jukwaa moja, au angalau jukwaa ambalo yeye pia alilikanyaga.

Kuna jambo katika jina hilo linalonishangaza kila nilifikiripo. Sisi watu wa Kilwa tumezoea kujisifu kwa magofu. Tunawaonyesha wageni Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kule Kisiwani, tunawaambia kuwa Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na kuwa mwaka 1981 magofu yetu yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Masultani wetu walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na tano katika hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Haya yote ni kweli. Walakini mtu wa Nairobi, Kampala au Mwanza wa mwaka 1965 hakulijua jina la Kilwa kwa sababu ya sultani. Alilijua kwa sababu ya redio. Jina lilimfikia likiwa limebebwa na magitaa matatu, tumba na manyanga. Majina ya masultani bado yanasomeka katika shaba baada ya miaka mia kadhaa, na ya watu wale waliolivusha jina letu kupita mipaka hayakuandikwa hata katika karatasi ya santuri, ambayo aghalabu ilikuwa na jina la wimbo, la bendi, na pengine la mtunzi.

Nilizaliwa mwaka 1979. Mama aliniambia mara nyingi kuwa ule ndio mwaka aliokufa Mbaraka Mwinshehe, na alikuwa akilitaja jambo hilo kana kwamba kuzaliwa kwangu na kufa kwake ni habari mbili za uzito mmoja, jambo ambalo sikulipenda nilipokuwa mtoto. Mbaraka alikufa mwezi wa Januari huko Mombasa baada ya ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Miaka tisa kabla ya hapo alikuwa amekwenda Japani na Morogoro Jazz katika maonyesho ya dunia ya Osaka. Mjini mwake Morogoro, Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikuwa ametangulia kufa kwa ajali ya gari vilevile mwaka 1965. Mama hakuwaona hata mmoja wao. Aliwajua kwa redio iliyowekwa dirishani na jirani mwenye redio, na alipohadithia siku ile ya Januari alihadithia msiba wa nyumbani: nani aliacha ungo wa mchele, nani alitoka uani, nani alisema si kweli.

Kifo nilichokisikia mwenyewe kwa masikio yangu kilikuwa cha Marijani Rajab, mwezi wa Machi mwaka 1995. Nilikuwa katika shule ya bweni mjini Lindi. Mwalimu wa zamu, ambaye kwa kawaida alikuwa adui wa redio, alituachia tusikilize hadi usiku. Wavulana mia moja walikaa kimya katika bweni, na kila wimbo ulipoanza walikuwapo wale walioujua tangu neno la kwanza. Kutoka madirishani tuliziona taa za Kitunda ng'ambo ya ghuba. Asubuhi yake mabishano yalikuwa makali juu ya jambo moja: ni nani aliyepiga gitaa la solo katika wimbo fulani? Hakuna aliyejua. Tulimwuliza mwalimu naye hakujua, akasema, "Andikeni Marijani." Tulicheka, tukaandika Marijani.

Marijani, aliyeitwa Jabali la Muziki, alimaliza siku zake akiuza kanda za nyimbo Kariakoo. Mwaka 2012, miaka kumi na saba baada ya kifo chake, serikali ilimtunukia Nishani ya Sanaa na Michezo. Wapo wanaosema kuwa nishani ilichelewa, na kuchelewa ilichelewa. Lakini mimi sikubaliani na wenzangu wanaorudia katika kila kongamano kuwa taifa hili huwasahau wanamuziki wake maarufu. Si kweli. Wanakumbukwa mno. Nyimbo zao hupigwa kila mwisho wa juma, watoto waliozaliwa baada yao huwaimba, na majina yao hutajwa bila ya haja ya kuelezwa. Kosa letu si kusahau. Kosa letu ni kumkumbuka mtu mmoja mahali palipokuwa na watu kumi, na kisha kudhani kuwa tumekumbuka. Hili nililijua kwa akili mapema, nikaliandikia makala, na makala yakasifiwa. Kulijua kwa njia nyingine kulinigharimu.

Mahali penyewe pa Kariakoo ni shahidi wa maneno haya. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilipita Kilwa na Lindi, na pale Mahiwa, katika Mkoa wetu wa Lindi, mwaka 1917 yalipigwa mapigano makali kuliko mengi ya Afrika Mashariki. Majemadari wa pande zote mbili wameandikiwa vitabu. Wapagazi waliachiwa jina la soko.

Hata hivyo njia ya kukumbuka vizuri ipo, nayo tulionyeshwa zamani. Siti binti Saad alipokufa mwaka 1950 alikuwa ndiye mwimbaji aliyejulikana kuliko wote katika pwani yetu. Sauti yake ilikuwa imekwenda Bombay mwaka 1928 na kurudi katika santuri. Shaaban Robert akaandika wasifu wake, ukatolewa mwaka 1958 na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini tazama pia jinsi wenziwe walivyobaki. Msomi yeyote wa taarab atakutajia Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, bila ya kusita. Waliimba na kupiga pamoja naye, na majina yao hayakumezwa na jina lake. Sijui kama heshima hiyo imempunguzia Siti hata chembe moja ya sifa. Nadhani imemwongezea, maana mtu hujulikana ukubwa wake kwa kuonekana amesimama kati ya watu.

Na katika pwani yetu wenyewe, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, alipotunga utenzi wake wa Vita vya Maji Maji muda mfupi baada ya vita vile vya 1905 hadi 1907, aliwataja watu kwa majina na mahali kwa majina. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1957, nami nimeufundisha kwa miaka mingi. Huwaambia wanafunzi kuwa katika tungo za namna hiyo jina la mtu ni amana. Nilikuwa nikiyasema hayo darasani katika mwezi uleule ambao majina ya mjomba yalinipita barazani.

Desemba ya mwaka 2014 ilifika nikiwa na mitihani ya kusahihisha. Mwaka uliofuata kulikuwa na kongamano, kisha uchaguzi, kisha mambo mengine ambayo siwezi kuyakumbuka, na hiyo ni dalili ya uzito wake. Nilimpigia mjomba simu mara kwa mara. Kila mara aliuliza, "Unakuja lini, daktari usiyejua dawa?" Huo ulikuwa mzaha wake tangu nilipopata shahada yangu ya uzamivu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 nilipigiwa simu alfajiri na binti yake. Nilipanda basi asubuhi, nikafika Kivinje mapema mchana. Barabara ilikuwa ya lami. Safari iliyokuwa ikinichukua siku mbili nilipokuwa mwanafunzi ilinichukua saa tano na ushei, hata sikuwa na kitu cha kukisingizia.

Siku ya arobaini ilisomwa hitma, na baada ya dua wazee waliniagiza niseme maneno machache juu ya marehemu, kwa kuwa mimi ndimi msomi wa ukoo. Nilisimama. Mbele yangu waliketi masheikh wawili na jamaa wa msikitini. Nilisema kuwa marehemu alikuwa mvuvi hodari, kwamba alilea ndugu zake yatima, kwamba aliweka fedha za mazishi za mtaa kwa miaka ishirini wala senti haikupotea. Yote yalikuwa kweli. Nilisema pia kuwa katika ujana wake alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi bandarini. Hapo nikatua. Nilihisi neno lililokuwa linafuata, na nikaliruka kama mtu arukavyo shimo alijualo njiani, nikaendelea na habari ya kurudi kwake Kivinje.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililiruka. Jibu la kwanza lililonijia ni heshima ya mahali. Lakini jibu hilo halisimami. Mwaka 2013 Bi Kidude alizikwa Kitumba, Unguja, kwa sala na dua na umati mkubwa wa watu, na hakuna aliyejifanya kuwa mama yule alikuwa muuza hina na wanja tu, ingawa kweli alivitengeneza na kuviuza. Waliomzika walijua alikuwa nani, wakamwombea akiwa ni huyo huyo. Masheikh wangu wawili, mmoja wao nimemjua tangu madrasa, hawakuwa watu wa kumsimanga maiti. Jibu la pili ni kuwa nilitaka kumlinda mjomba. Hilo nalo ni uongo mzuri. Yeye hakuwahi kuficha. Jibu la tatu nililipata baadaye sana, nalo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Lau mjomba angalikuwa mwimbaji, ningalisema. Lau angalipiga gitaa la solo, ningalisema, tena kwa fahari. Nilinyamaza kwa sababu yalikuwa manyanga. Katika moyo wangu mimi, mwandishi wa makala yale yaliyosifiwa, nililiona jambo dogo lisilofaa kutajwa mbele ya watu.

Baada ya kula nilikwenda uani kuwashukuru akina mama. Alikuwako mama mmoja jirani, rika la mjomba, ameketi juu ya kibao akikwangua sufuria la pilau kwa kifuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekusikia hadi huku. Umesema vizuri." Akaendelea kukwangua. "Umemzika mtu mwingine, lakini umesema vizuri."

Wenziwe walicheka kwa sauti ya chini, kicheko cha msibani. Nikainama chini karibu yake. Akanisimulia, bila ya kuacha kazi yake, jinsi mjomba alivyokuwa akija likizo katika miaka ile amevaa suruali nyembamba za mjini, na manyanga yake mawili ndani ya mfuko wa turubai kama mtu aliyebeba mayai. Wasichana wa mtaa walikusanyika nyuma ya nyumba kwa siri, naye akawafundisha kuhesabu. "Si kucheza," alisema mama yule, "kuhesabu. Alituambia anayecheza bila ya kuhesabu anajitupa. Mimi mpaka leo nikitwanga nahesabu vilevile." Akaweka kifuu chini, akapiga mapaja yake kwa viganja, mara nne, mara nne, akakiokota tena. "Hilo ndilo tungependa sheikh alisikie. Angecheka, na yeye alikuwapo."

Sikuwa na neno la kumjibu.

Niliporudi Dar es Salaam nilitafuta nyimbo za Kilwa Jazz zilizobaki. Nyingi katika nyimbo za wakati ule tunazo kwa sababu redio ya taifa, ambayo kuanzia mwaka 1965 iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliziita bendi studioni ikazirekodi na kuzihifadhi. Nilivaa vyombo vya kusikilizia masikioni, nikaanza kusikiliza kwa namna ambayo sikupata kusikiliza kabla: nilimwacha mwimbaji aende zake, nikayaacha magitaa, nikatafuta kilichobaki nyuma. Yapo. Mara ukiyapata huwezi tena kuyapoteza. Sauti yake ni kama mvua nyepesi juu ya makuti, nayo haiongezeki wala haipungui. Mwimbaji hupaza, gitaa hupanda, tumba hujibu, yenyewe hukaa mahali pamoja na kuwangoja wote warudi. Niliyatoa akilini kwa kujaribu, nikagundua kuwa wimbo ungeanguka.

Huenda katika mojawapo ya nyimbo zile mikono ni ya mjomba. Huenda hakuna hata mmoja. Gitaa lina mkono wa mpigaji wake, na mwenye sikio huweza kumtambua mtu kwa namna avutavyo uzi. Manyanga hayana uso. Aliyeweza kuniambia ni yupi, katika wimbo upi, alikuwa ameniambia jioni moja ya mwezi wa Aprili, na kwa adabu kubwa nilikuwa nimemwahidi Desemba.

Mjane wake bado yu hai, nami humwendea kila nipatapo nafasi. Katika safari ya mwaka juzi alinitolea moja la manyanga yale. Lilikuwa limechezewa na wajukuu, mpini wake umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ndani hamkubaki punje nyingi. La pili hajui lilipo. Nilimwuliza kama anayakumbuka majina aliyokuwa akiyataja marehemu. Akasema kuwa alikuwa akiyasikia kila siku, na kitu kisikiwacho kila siku hakishikwi. Hata hivyo alikaa kidogo, akanipa mawili: yule mshonaji wa Mchinga, na mpiga tumba wa Kisiwani. Nimeyaandika daftarini pamoja na koo zao. Sitayachapa hapa kabla ya kuonana na jamaa zao, nami nimekwisha pata habari kuwa mshonaji ana binti yake Lindi, karibu na soko la samaki.

Tangu siku ile mjane wa mjomba ameshika desturi ya kunipigia simu pindi kitu kinapomjia, nacho humjia usiku. Mara ya mwisho ilikuwa saa tano, nikiwa nimekwisha lala. Hakunisalimu. Alisema, "Yule wa besi, baba yake alikuwa na mashua, walikuja msibani kwetu mwaka wa mafuriko. Jina lenyewe bado. Weka kalamu karibu."

Niliwasha taa, nikaiweka.